Uzito wa Nini? Majina ya Safu Kabla ya Kuchagua ORM

Vijana wa hapa Moshi wanaonitafuta huuliza waanze na ORM ipi, yaani zana inayounganisha klasi (class) za programu yako na majedwali ya kanzidata. Kwangu hilo si tatizo. Django, Laravel na Peewee zote zitakufikisha. Mimi naomba kwanza nione majina ya majedwali na safu (column), maana huko ndiko maumivu yanakoanzia.

Niliwahi kukabidhiwa mfumo wa chama kimoja cha wakulima wa kahawa huku mlimani. Jedwali la mapokezi lilikuwa na safu iitwayo uzito. Uzito wa nini? Karani akanijibu, "Inategemea, kaka. Wengine wanaleta maganda, wengine matunda." Yaani 50 ya mstari huu ni kahawa iliyotoka mtini asubuhi, na 50 ya mstari unaofuata ni ya maganda, yaani iliyomenywa ikakaushwa. Kilo moja ya maganda hutokana na kilo tano hivi za matunda, kwa hiyo jumla ya msimu haikuwa na maana yoyote. ORM haiwezi kukuonya hapo, inaona namba tu. Andika uzito_matunda_kg na uzito_maganda_kg, yaishe. Na tarehe nayo: ya kupokea au ya kulipa?

Halafu kila ORM ina desturi zake. Ukiunda klasi Mkulima kwenye Laravel, Eloquent, ORM yake, itatafuta jedwali la mkulimas, kwa sababu wingi inaoujua ni wa Kiingereza. Ngeli zetu haina habari nazo. Ongeza $table = 'wakulima' ndani ya klasi, ubishi umekwisha. Django haina shida ya wingi kwenye jina la jedwali, ila ukiita uhusiano (ForeignKey) mkulima_id, kwenye kanzidata utakuta mkulima_id_id, kwani _id huiongeza yenyewe. Ita mkulima tu.

Herufi kubwa ziache. Safu ikiundwa kwa jina "JinaKamili" ndani ya alama za kunukuu, kanzidata ya PostgreSQL italitunza hivyo hivyo, na programu yako itakwenda vizuri kwa kuwa ORM nyingi huweka alama hizo kimyakimya. Siku utakayoandika SELECT JinaKamili kwa mkono bila alama hizo, PostgreSQL italigeuza kuwa herufi ndogo na utaambiwa safu ya jinakamili haipo. Tumia jina_kamili. Jedwali nalo usiliite user: kwenye PostgreSQL, SELECT * FROM user inakurudishia jina la akaunti uliyoingia nayo, wala hupati kosa la kukushtua.

Kuhusu lugha, watu wanabishana sana. Msimamo wangu: vitu vya kazi viitwe kama karani anavyoviita (mkulima, mapokezi, malipo), na id au created_at viachiwe ORM. Kisichovumilika ni jedwali moja lenye jina, phone na kijiji_name.

Ukirithi mfumo wenye majina mabovu, usiyabadilishe msimu ukiwa umepamba moto. Huenda kuna faili la Excel la mhasibu linalosoma humo. Ipe safu jina zuri kwenye klasi, na lile la zamani ulitaje kwa db_column kwenye Django au column_name kwenye Peewee. Kwenye kanzidata yenyewe, subiri wakulima walipwe malipo ya mwisho, chukua nakala, ndipo ubadilishe.