Barua kwa Mwanangu: Ukuta Bomoeni, Ua Uacheni Wazi

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata na nimeusoma polepole. Unauliza kama mkiubomoa ukuta ulio kati ya sebule na chumba cha kulia, kisha mkaufunika ua kwa kioo ili uwe karakana yenu, mtakuwa mmeiua nyumba ya Babu. Unasema pia mjomba wako amewaambia mwacha asili ni mtumwa, na tangu siku hiyo mumeo hajaigusa michoro yake.

Nianze na jibu, maana najua hamlali vizuri. Ukuta bomoeni, baada ya injinia kuukagua. Ua uacheni wazi. Na kila mtakachoongeza kifanyeni kwa namna ya leo, kwa mikono yenu, bila kukivisha sura ya zamani. Yanayofuata ni sababu zangu. Zisome na mumeo, kisha mnijibu.

Mjomba wako ni ndugu yangu na uchungu wake naujua, lakini katika nyumba hiyo asili ni nyingi. Kabla halijawekwa jiwe hata moja hapo, Pangani yetu ya hapa Nairobi ilikuwa kijiji cha nyumba za miti na udongo, Waislamu na Waafrika wa makabila mbalimbali wakiishi pamoja, miongoni mwa makazi ya mwanzo ya Waafrika katika mji huu ulioanzia kwenye kambi ya reli mwaka 1899. Serikali ya kikoloni haikukitaka kijiji hicho. Mwaka 1939 nyumba za mwisho zikabomolewa na watu wakahamishiwa Shauri Moyo. Nyanya yako alikuwa mtoto miongoni mwao. Alipotusimulia nyumba ya baba yake, vyumba alivitaja kwa haraka tu, ukumbi katikati na milango huku na huku. Akifika uani ndipo sauti yake ilipochangamka: mawe matatu ya kupikia, kinu, mikeka, wanawake wakisukana, watoto wakioga kwa zamu.

Nyumba ya mawe mnayoishi ilijengwa baadaye na familia ya Kihindi. Ule mwaka 1948 ulioandikwa kwa plasta juu ya baraza ni wao. Kisha mwaka 1967 zikapitishwa sheria mbili, moja ya uhamiaji na nyingine ya leseni za biashara, na Waasia wengi wasiokuwa na uraia wa Kenya wakaona riziki yao imefungwa. Wengi wakaondoka kwenda Uingereza, nyumba zikauzwa. Babu yako, karani wa reli, akakusanya akiba yake na mkopo akanunua. Hivyo ndivyo nyanya yako alivyorudi Pangani alikotolewa utotoni, safari hii akiwa na ufunguo mkononi.

Na jambo la kwanza alilolifanya lilikuwa kubomoa. Alitoa ukuta wa stoo uliokuwa ukilitenga jiko na ua, akapanda ule mlimau, akajengesha baraza ya saruji ukutani ili wageni wake wa kike wakae nje. Babu naye akaziba mlango wa kati, akamwaga ile sakafu nyekundu, akaongeza banda la nyuma. Mkikwangua rangi ya ukumbini mtakuta kijani kibichi, na chini yake buluu ya wale waliokuwapo kabla yetu. Hakuna aliyeishi humo akaiacha kama alivyoikuta. Mjomba wako alikuwa mdogo mno kuyakumbuka hayo, ndiyo maana anadhani nyumba ilikuwa hivyo tangu mwanzo.

Kwa hiyo la kuulizana ni wapi pa kuvunja, na kwa utaratibu gani. Hapa nazungumza kama mama yako na pia kama mtu aliyekalia meza ya kuchorea ramani miaka mingi, akaona nyumba nzuri zikipasuka kwa sababu ya ukuta mmoja uliotolewa kwa pupa.

Pandeni darini na tochi. Kama kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zinavuka kutoka ukuta mmoja wa nje hadi wa pili bila kutegemea chochote, ukuta wa sebule haubebi paa na kazi ni nyepesi. Lakini katika nyumba nyingi za rika hilo mbao ndefu za paa zimelazwa juu ya ukuta wa ndani. Vigae vya udongo ni vizito, mita moja ya mraba ina kilo 40 hivi, na uzito huo wote hushukia hapo. Mkikuta hivyo, itahitajika boriti ya chuma, ilale juu ya mito ya zege pande zote mbili, na paa lishikiliwe kwa jeki mpaka zege ikomae. Fundi atakayewaambia mbao mbili za soko la Gikomba zinatosha, mshukuruni na mumwache aende zake. Boriti yenyewe msiifiche ndani ya plasta. Mumeo ni mtu wa chuma, aichague, aipake rangi aitakayo, na kila anayeingia sebuleni aone kwamba hapa palikuwa na ukuta na sasa pana kazi ya mtu wa leo.

Hilo la kuonekana nalishikilia sana. Mwaka 1964 wataalamu wa majengo ya kale walikutana Venice wakaandika mkataba unaofuatwa mpaka leo, na moja ya kanuni zake ni kwamba nyongeza mpya kwenye jengo la zamani itambulikane kuwa mpya. Nimeona Nairobi nyumba zilizobandikwa nguzo za plasta na matao ya uongo ili zifanane na za zamani, na zinanihuzunisha kwa sababu jiwe la kweli lililo kando yake hupoteza hadhi. Acheni mlango wa mvule uwe wa zamani, na ngazi mpya ya chuma iwe mpya. Madirisha ya chuma msiyauze. Yasugueni kutu, wekeni vioo vipya na pati ya kuvishikiza, yatafunguka tena. Vigae vya paa vikiteremshwa, pindueni kila kimoja mtazame chapa upande wa chini. Uchomaji wa vigae vya namna hiyo ulianzia Mangalore, India, mwaka 1865, katika kiwanda cha wamisionari wa Basel, na mzigo ulivuka bahari mpaka huku. Vilivyopasuka mtapata vya kuziba nafasi kwa wauza vifaa vya nyumba zilizobomolewa. Sakafu nyekundu isugueni kwa nta tu. Sitaki kusikia habari ya marumaru ya bei nafuu juu yake.

Kuta za nje ndizo zitakazowajaribu. Yale mawe ya kijivu yalichongwa kwa mkono, na viungo vyake ni vya chokaa. Nilivikwangua kwa msumari nikiwa msichana, vikamomonyoka unga mweupe. Ukuta wa namna hiyo, usio na kizuizi cha maji chini, hunyonya unyevu wa ardhini wakati wa masika na kuutoa taratibu kupitia chokaa. Mkiupaka saruji ngumu, unyevu hukosa njia, hupanda juu, na chumvi yake husukuma plasta mpaka inabambuka. Mtapaka upya kila mwaka na hamtajua kwa nini. Mwambieni fundi achanganye chokaa na mchanga, na asiwaharakishe.

Mawili yanahusu afya ya mjukuu wangu, na hapo sitaki mjadala. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Msizipige msasa zikiwa kavu, zikwangueni zikiwa na maji, mtoto akiwa kwangu. Na banda la Babu limeezekwa kwa asbesto. Kanuni za taka za 2006 zinaihesabu kuwa taka ya hatari. Msiikate, msiivunje, msiwaachie vijana waibebe kwenye mkokoteni. Itolewe na wenye leseni, hata ikibidi kazi nyingine ingoje mpate fedha.

Sasa ua. Najua ndoto yenu: kioo juu, mwanga mchana kutwa, meza ndefu ya kuchapia vitambaa katikati. Lakini fikirini jua lilivyo hapa kwetu. Nairobi iko nyuzi moja na kidogo tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo saa sita ya mchana jua linapita karibu na utosi mwaka mzima. Paa la kioo litalipokea lote. Rangi zako zitakauka kabla hujamaliza mstari, na mwezi wa saba, ambapo mnadhani kioo kitawapa joto, usiku litapotea lote kupitia kioo hichohicho. Zaidi ya hapo, nyumba yenyewe inaishi kwa ule ua. Vyumba vyote vinafungukia huko, na yale matundu yaliyo juu ya kuta yaliwekwa kwa hesabu: hewa ya joto hutokea juu, ya baridi huingia kutoka uani. Mkiufunika, sebule mnayotaka kuipanua itakuwa pana na yenye giza. Mtamaliza kwa kuwasha taa adhuhuri.

Halafu kuna moto. Wewe unayeyusha nta ya batiki kwenye jiko, na mumeo anachomelea chuma. Kazi hizo msizilaze pamoja na vitanda. Wasanii Elimo na Phillda Njau waliishi miaka mingi pale Ridgeways, maisha na sanaa mahali pamoja, kwenye Paa ya Paa, jumba la sanaa waliloanzisha Elimo na wenzake mwaka 1965, na mwaka 1997 moto ukateketeza kazi nyingi mno. Walisimama tena, na ninawaheshimu kwa hilo. Lakini wewe ni mwanangu, ningependa moto usifike.

Karakana wekeni kwenye vile vyumba vitatu vya upande wa kaskazini mwa ua. Ondoeni kuta mbili za kati (hizo ni nyembamba, ila injinia azitazame nazo), wekeni madirisha marefu yanayotazama uani, na upenu wa mita moja. Kuanzia mwisho wa Machi hadi Septemba jua la mchana liko kaskazini, nyuma yenu, na miezi mingine upenu utalikinga. Mtapata mwanga mtulivu ambao wachoraji wanautafuta, bila kulipia kioo cha pesa nyingi.

Kuna jambo mnaloniambia kwa kificho, nami nimelielewa: maghorofa ya jirani. Tangu Barabara ya Thika ipanuliwe, Pangani imepanda juu, na sasa watu wa ghorofa ya saba wanakuona ukianika nguo. Nyanya yako asingelivumilia hilo, na nawe usilivumilie. Mumeo atengeneze fremu ya chuma juu ya ua, yenye waya wa kuvuta, na wewe uchape kitambaa kizito cha kukunjuliwa na kukunjwa. Mvua ikija kinakunjwa, mlimau unakunywa. Jioni kinakunjuliwa, mnakaa kwa sitara. Kwa maoni yangu hicho kitakuwa kitu kizuri kuliko vyote nyumbani humo, kwa sababu hakuna duka linalokiuza.

Mkitaka kujipa moyo, tembeleeni jengo la 1913 pale kwenye makutano ya Kenyatta na Uhuru, ambako zamani watu waliandikisha vizazi, ndoa na vifo, na leo ni jumba la sanaa. Kisha nendeni maktaba ya Kaloleni, mtaa wa ukoloni, mwone jinsi Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walivyoifufua pamoja na wakazi. Pale waliwauliza watu wa mtaa kwanza, na hilo ndilo ninalotaka mlifanye kwa mjomba wako.

Mirathi tulishaimaliza kwa Kadhi na fungu lake alilipwa. Kisheria hamhitaji ruhusa yake. Ruhusa mnayoihitaji ni ya kaunti, chini ya sheria ya mipango ya 2019, na ramani iwe na muhuri wa msanifu aliyesajiliwa. Lakini mjomba ni mjomba. Msimpigie simu. Nendeni kwake baada ya swala ya Ijumaa, wewe ukiwa mbele, mumeo na michoro yake nyuma, mwonyesheni kwanza ua uliobaki wazi, ndipo mfunue ukurasa wa ukuta. Mwombeni awaonyeshe mlango alioziba Babu ulikuwa wapi hasa. Mimi nimesahau, na huenda kizingiti chake cha juu bado kimo ndani ya plasta, na mkikipata injinia aseme kama kinatosha bila boriti mpya upande huo.

Mimi nitafika Jumamosi asubuhi kupanda darini pamoja nanyi. Azimeni ngazi ndefu kwa jirani, ile yenu haifiki.

Mama yako akupendaye