Mwarobaini na mbegu za papai zinatibu minyoo ya mbuzi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mi nafuga mbuzi huku Kongwa, tangu mvua zianze wanakonda tu na wawili wamevimba chini ya taya, nimewapa albendazole ya dukani mara mbili sijaona tofauti. Jirani anasema niachane na madawa nichemshe majani ya mwarobaini nichanganye na mbegu za papai zilizosagwa. Niwape kiasi gani?
Mfugaji, Kongwa

JIBU: Marahaba dada. Huo uvimbe wa taya ndo unanitisha kuliko kukonda, manake kwa mbuzi mara nyingi ni mnyoo anaitwa Haemonchus, anakaa tumbo la nne ananyonya damu, na jike mmoja anaweza kutaga mayai 5,000 na zaidi kwa siku, kwahiyo mvua zikishika malisho yote yanachafuka. Leo hii funua kope ya chini ya kila mbuzi. Ikiwa nyekundu yuko salama kidogo, ikiwa nyeupe kabisa huyo damu imeisha, usimfanyie majaribio ya majani, mwite afisa mifugo haraka.

Sasa mitishamba. Sio uongo, utomvu wa papai una vimeng'enya vinavyokula ngozi ya mnyoo, na Wamasai wamechemsha magome ya mti unaoitwa olmukutan kutibu minyoo miaka na miaka. Ila dawa kuua minyoo kwenye chupa ya maabara ni kitu kimoja na kuiua ndani ya mbuzi ni kingine, kule tumboni inachanganyika na lita za majani na maji na vijidudu vinaivunjavunja kabla haijafika kwa mnyoo. Kenya walijaribu kwa kondoo miti kadhaa ambayo wafugaji wanaiamini na mingine mayai ya minyoo kwenye kinyesi hayakupungua vya kutosha. Alaf nguvu ya mti inabadilika, majani machanga na makavu hayalingani, ndo maana hakuna kikombe cha kumpimia kila mbuzi, na ukizidisha unamuumiza, hasa mwenye mimba.

Na albendazole yako kushindwa ina sababu pia. Huenda minyoo imeshakuwa sugu, au ulikadiria uzito kwa macho ukawapa kidogo, na kuwapa kidogo kidogo ndo kunakozalisha usugu wenyewe. Pima kifua kwa futi kamba upate uzito. (Mwenye mimba changa asipewe albendazole.)

Ushauri wangu: beba kinyesi kibichi upeleke maabara ya mifugo wahesabu mayai, toa dawa, baada ya siku 10 hadi 14 wahesabu tena. Dawa nzuri inashusha mayai kwa asilimia 95 au zaidi. Ukitaka kujaribu mwarobaini, wape wenye kope nyekundu tu na upime vilevile, jirani yako naye apime, tusiendelee kuzika mbuzi kwa sababu ya maneno ya kusikia.

SWALI: Na kuwaachia mbuzi wajilie majani ya migunga inasaidia kwa minyoo?
Mfugaji, Longido

JIBU: Inasaidia ndugu yangu. Migunga mingi ina tanini, ile kemikali inayokakasa mdomoni, ambayo inapunguza minyoo kiasi, na faida kubwa zaidi ni kwamba mbuzi anakula juu wakati mabuu mengi (minyoo michanga) yako chini kwenye sentimita chache za nyasi. Asubuhi subiri umande ukauke ndo uwafungulie.