Mwanangu, usiache kula

Mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi usiku niliusoma mara mbili, nikazima simu, usingizi ukanipaa. Unasema daktari wa hapo Nakuru amekuambia una PCOS, ile hali ya homoni inayoitwa ovari zenye vifuko vingi, akakuonyesha picha ya skani yenye vidoa vyeusi, kisha akasema: "Punguza kilo, urudi baada ya miezi mitatu." Halafu ukaniuliza: "Mama, ni chakula ndicho kimeniharibia ovari? Nikiacha ugali na maziwa, zitarudi sawa?"

Jibu fupi ni hapana, na la pili pia ni hapana. Lakini jibu refu ndilo lenye faida, na haliandikiki kwa kidole gumba kwenye simu.

Kwanza nikiri jambo. Katika miaka 28 niliyofanya uuguzi, maneno ya daktari wako nimeyasema mimi mwenyewe mara nyingi tu. Namkumbuka mwalimu mmoja, leso begani, hakuwa ameona siku zake tangu Pasaka na Krismasi ilikuwa inabisha hodi. Nilimpandisha kwenye mizani, nikatikisa kichwa, nikamwambia aache wanga. Aliporudi uso ulikuwa umekonda, anakula mara moja kwa siku, na damu bado haijaonekana. Nami, mwanangu, nikampongeza kwa kilo zilizotoka. Sikumuuliza anakula nini wala analalaje. Nikikumbuka nafunika uso.

Sasa hiyo picha. Vile vidoa si uvimbe wala si vidonda. Ni vifuko vidogo, kila kimoja kina yai lililoanza kukomaa likaishia njiani, navyo vimejipanga ukingoni kama shanga. Madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliandika habari za wanawake saba wenye hali hii mwaka 1935, na jina la vifuko likaganda hadi leo ingawa vifuko si kiini cha tatizo. Tangu mkutano wa Rotterdam wa 2003, mtu mzima hupewa jina hilo akiwa na mawili kati ya matatu: yai halitoki kwa mpango, homoni za kiume zimezidi, au skani inaonyesha vifuko vingi. Na hata hayo mawili yakiwepo, lazima kwanza magonjwa mengine yanayofanana nayo yapimwe na kuonekana hayapo. Kwa hiyo muulize kama alipima tezi ya shingo na prolaktini, ile homoni ya maziwa. Kama hakupima, apime. Na sukari pia.

Kuhusu kuharibu: mayai yako uliyapata ukiwa tumboni mwangu. Mimba ikiwa ya miezi mitano, mtoto wa kike huwa nayo kama milioni 6 au 7, akizaliwa yamebaki milioni 1 au 2, akivunja ungo ni laki chache. Katika hayo yote, kama 400 tu ndiyo hutoka mwezi baada ya mwezi. Hakuna chakula kinachoongeza hata moja, na chipsi za pale karibu na ofisi yenu hazikuyachoma. (Usije ukaanza kunihesabia nilichokula nikiwa na mimba yako. Nilikula udongo, basi.) Hali hii hutembea katika familia. Shangazi yako mwenye ndevu tuliyekuwa tukimcheka, sasa sijui kama kilikuwa kichekesho.

Lakini chakula kina neno lake, na linapitia kwenye insulini. Fikiria makanga wa matatu. Abiria ni sukari iliyo kwenye damu, gari ni msuli, makanga ni insulini, kazi yake kuwaingiza abiria ndani. Kwa wanawake wengi wenye hali yako, mlango wa gari ni mgumu. Kongosho linafanya nini? Linaongeza makanga. Sasa stendi nzima ni kelele. Msuli hausikii vizuri, lakini ovari inasikia kila neno, na ikisikia kelele hizo hutengeneza zaidi testosteroni, ile homoni ya kiume. Ini nalo, kwa sababu ya insulini hiyo hiyo, hupunguza protini inayoishika testosteroni isizurure. Ikizurura ndiyo unapata vinyweleo vya kidevuni unavyong'oa kwa kibano, na chunusi za mashavuni, na yai linaloishia njiani. Wembamba pia wanapata, usidhani ni ya wanene peke yao.

Ndiyo maana nikauliza unakula nini, ukanijibu kwa aibu: asubuhi chai ya vijiko vitatu vya sukari na mandazi mawili, mchana hakuna "kwa sababu nafanya daieti", saa kumi soda, usiku njaa imekushika unakula chipsi za mia na hamsini ukiwa umesimama. Mwanangu, hapo ugali umekosea nini? Hata haumo! Na maziwa yaliyo kwenye chai yanasingiziwa kosa la sukari.

Wauguzi wenzangu wa Marekani wamejazishwa fomu za vyakula kwa miaka mingi. Mwaka 2007 yakatoka matokeo ya zaidi ya 17,000 kati yao waliokuwa wakitafuta mimba au wameshika, waliofuatwa kwa miaka minane. Waliokula zaidi protini za mimea kama maharagwe, nafaka zisizokobolewa, na mafuta yasiyogandishwa viwandani, walipata kwa uchache shida ya yai kutotoka. Maziwa yasiyoondolewa mafuta nayo hayakuonekana na kosa, bali kinyume chake. Hayo ni mambo yaliyoonekana yakienda pamoja, hayajathibitisha kwamba moja limezaa jingine, kwa hiyo usiyashike kama dawa. Na mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa 2023 unasema wazi kwamba hakuna daieti moja iliyoonekana kuishinda nyingine. Mlo mzuri wa kawaida unaoweza kuuendeleza, basi. Anayekuuzia mbegu za kula kwa zamu kufuata tarehe za hedhi, au ile poda ya "kusafisha kizazi" ya shilingi 3,500, anatafuta pesa tu.

Jana nilipika chakula cha mchana hivi. Omena nilizikaanga kavu kwanza hadi zikalia kwenye sufuria, ndipo nikatia mafuta kidogo, kitunguu, nyanya mbili. Mnavu niliuchemsha nikamwaga maji ya kwanza, nikautia maziwa, nikauacha kwenye moto mdogo. Ugali ulikuwa wa unga usiokobolewa, nimechanganya na wimbi, mweusi kama udongo wa Kano. Kwenye sahani, mboga ilichukua nusu, ugali ukawa kama ngumi yangu iliyofumba. Zamani ugali ulikuwa mlima na mboga ni kama kitambaa cha kufuta mkono, hiyo ndiyo iliyogeuzwa. Hapo Nakuru soko la Wakulima lina mboga hizi zote, na maharagwe utayapata ya kila rangi. Asubuhi yai na uji wa wimbi, sukari punguza kijiko kimoja kila wiki mpaka ulimi uzoee. Ukitoka kazini tembea kwa miguu, kwa sababu msuli unaofanya kazi hufungua mlango wenyewe bila kungoja makanga.

Na mchana ule. Hapo ndipo ninapokuwa mkali. Ubongo una sehemu ndogo inayozituma ovari kazini, nayo huchungulia ghala kwanza. Ikiona chakula kinachoingia hakitoshi, hupunguza amri, estrojeni, ile homoni ya kike, inashuka, hedhi inasimama, na mifupa huanza kulipa deni. Wasichana wanaokimbia sana na kula kidogo wanaijua hali hii. Ukijinyima utaongeza shida ya pili juu ya ya kwanza, halafu mtashindwa kujua ipi ni ipi, kama mimi na yule mwalimu.

Kilo sikatai kabisa. Uzito ukipungua asilimia 5 hadi 10, wengi huona siku zikianza kujipanga. Kwako wewe mwenye kilo 82, asilimia 5 ni kilo 4 na kidogo. Haraka ya nini?

Jambo moja usilifanyie mchezo. Ikipita miezi mitatu bila damu, rudi hospitali, usijipongeze kwa kuokoa pesa za pedi. Yai lisipotoka, projesteroni, homoni inayouzuia ukuta wa mji wa mimba usinenepe kupita kiasi, haipatikani, ukuta wa mji wa mimba unazidi kunenepa, na ukiachwa hivyo miaka mingi unaweza kugeuka saratani. Kuna vidonge vya kuushusha. Na ukitaka mtoto, kuna dawa za kuliamsha yai, wengi hushika mimba. Ukiulizwa na shangazi zako lini, waambie waniulize mimi.

Nimekutumia kifurushi kwa matatu ya saa mbili asubuhi, omena debe dogo na unga kilo nne. Omena hizo zina mchanga wa ufuoni, kwa hiyo zioshe mara tatu kwa maji ya moto kabla ya kukaanga, na vichwa usivitoe hata kama mwenzako wa nyumba analalamika harufu.

Mama yako,
Kisumu