Kibeti renja na upinde mrefu

Umeuliza kama kibeti, wa ile jamii ya watu wafupi wa hadithi, akiwa renja (mpiganaji na mwindaji wa porini) anaweza kutumia upinde mrefu. Anaweza, ndugu. Ufupi haumzuii renja wa kibeti kutumia upinde mrefu. Kanuni za mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, Dungeons & Dragons za 2014 zinasema silaha nzito, upinde mrefu ukiwemo, humwadhibu mhusika wa umbo dogo tu, kama haflingi (jamii nyingine, ndogo kuliko vibeti): anarusha dadu mbili za pande 20 na kuchukua namba ya chini. Kibeti, hata awe na futi nne, huhesabiwa umbo la wastani sawa na binadamu. Naongoza mchezo huu na vijana hapa Kampala, na swali hili linarudi karibu kila kundi jipya.

Aliyekwambia kibeti hawezi hata kuwa renja labda anakumbuka kitabu cha kanuni cha 1978, kilichoruhusu binadamu na nusu-elfi (mtoto wa binadamu na elfi) peke yao kuwa renja. Kwa vibeti, kizuizi hicho kiliondoka 2000.

Kwa kanuni za 2014, kinachomchelewesha ni miguu: futi 25 kwa zamu, binadamu 30. Kwa hiyo upinde unamfaa hasa, maana mshale unafika futi 150 bila adhabu.

Ila mkitumia kanuni za 2024, angalia namba ya wepesi wake (Dexterity). Ikiwa chini ya 13, upinde huo utamsumbua, kibeti au si kibeti.