Mary Higgins Clark: maswali yenu, majibu yangu

Tangu nitaje riwaya za kusisimua, wengi mmeniuliza kuhusu Mary Higgins Clark, mwandishi Mmarekani wa riwaya hizo, aliyezaliwa Bronx, New York, mwaka 1927 na kufariki Januari 31, 2020, akiwa na miaka 92. Haya ndiyo maswali yaliyojirudia zaidi.

Ni kweli alianza kuandika baada ya kufiwa na mume, kwa ajili ya shida?

Si kweli, na stori hiyo inanikera, maana inamnyang'anya jasho lake. Mumewe, Warren Clark, alifariki kwa ugonjwa wa moyo mwaka 1964. Mary alikuwa ameshauza hadithi fupi yake ya kwanza mwaka 1956, kwa dola 100, tena baada ya miaka sita ya kukataliwa na wahariri, mara kama 40 hivi. Ujane ulichomletea ni watoto watano wa kulea peke yake. Akachukua kazi ya kuandika vipindi vya redio vya dakika nne nne.

Hebu fikiria: dakika nne! Humo humo umtambulishe mtu, umtie kwenye jambo, umtoe, na msikilizaji asihamie stesheni nyingine. Ukishangaa kwa nini sura za riwaya zake ni fupi na nyingi zinakatika pale pale unapotaka kujua zaidi, mimi jibu naanza kulitafuta kwenye hizo dakika nne. Riwaya zenyewe aliziandika alfajiri, kuanzia saa kumi na moja hadi saa moja, kwenye meza ya jikoni, kabla ya kuwaandaa watoto kwenda shule na yeye mwenyewe kwenda kazini.

Alizaliwa kwenye pesa?

Kidogo zilikuwepo, zikaisha. Baba yake, mwenye asili ya Ireland, alikuwa na baa. Alifariki usingizini Mary akiwa na miaka 11. Mama akabandika tangazo nje ya nyumba: vyumba vyenye samani, na ruhusa ya kutumia jiko. Hata wapangaji hawakutosha kuiokoa nyumba, ilipotea. Binti alipokua kidogo alipata kazi ya kuunganisha simu katika hoteli ya Shelton, na mwenyewe alikiri kwamba alikuwa akisikiliza mazungumzo ya wageni. Mmoja wa wageni hao alikuwa mwandishi wa tamthilia Tennessee Williams. Mary alisema hakusikia la maana kwake!

Baadaye, akiwa na kazi nzuri ya ofisini, alimsikia mhudumu wa ndege akilalamikia joto la Calcutta, India. Mwingine angemwonea huruma. Yeye aliona wivu. Akaenda kuomba kazi shirika la ndege la Pan Am, akaruka mwaka mmoja kwenda Ulaya, Afrika na Asia, kisha akaolewa na Warren.

Kitabu chake cha kwanza si *Where Are the Children?*

Hicho ni cha pili. Cha kwanza kilitoka mwishoni mwa miaka ya 1960, *Aspire to the Heavens*, kuhusu George Washington na mkewe Martha. Kilidoda vibaya. Kwa jina lile, lenye maana ya kutamani mbingu, kuna maduka yaliyokiweka kwenye rafu ya vitabu vya dini. Mwaka 2002 kilitolewa upya kwa jina la *Mount Vernon Love Story*, na safari hiyo kikauzika.

*Where Are the Children?* ni ya mwaka 1975. Wachapishaji Simon & Schuster waliinunua kwa dola 3,000, halafu haki za toleo la jalada laini zikaleta dola 100,000. Kitabu kilichofuata kilivuka dola milioni moja. Pesa zimeingia, na bado mwaka 1979, umri umevuka 50, akahitimu shahada ya falsafa Chuo Kikuu cha Fordham.

Mbona hana matusi wala mambo ya chumbani?

Aliamua hivyo, na hakuyakosa. Hofu yake inakaa kwenye vitu vya nyumbani. Katika hiyo riwaya ya 1975, mama anatoka uani kuwaita watoto, anakuta glovu moja nyekundu tu kwenye bembea. Damu haijamwagika hata tone, na wewe umeshakaa wima kitini.

Nimesoma vinne, naona vyote ni kimoja. Nakosea?

Hukosei sana. Mwanamke mwema, siri ya zamani, muuaji aliye karibu kuliko unavyodhani. Ukiwa umeokota vile vya miaka ya mwisho, rudi kwenye vya mwanzo. *A Stranger Is Watching* ya 1977 ina makali ambayo baadaye yalipungua.

Alafair Burke kwenye jalada anafanya nini?

Ni mwandishi mwenzake. Waliandika pamoja kuanzia *The Cinderella Murder*, 2014.

Na Carol Higgins Clark?

Binti yake, naye mwandishi wa riwaya za upelelezi, aliyefariki 2023. Alianza kwa kumchapia mama yake miswada, na hakuwa mchapaji wa kunyamaza. Mary alikuwa amepanga kumuua mhusika wake wa riwayani, Alvirah, mfanya usafi aliyeshinda bahati nasibu ya dola milioni 40. Carol akagoma: huyu mama haiwezekani afe. Mary akakubali, na Alvirah akaendelea kuonekana kitabu baada ya kitabu.