Maswali ya wasomaji: "Ndege yangu inapanda na kushuka kama mtumbwi ziwani"

*Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 19, niko Mwanza. Nimenunua laptopu ya mtumba na joistiki, na kila usiku narusha ndege ndogo ya Cessna 172 kwenye simuleta, programu ya kuigiza urubani. Nina shida mbili. Nikitaka nikae futi 5,500, ndege inapanda hadi 5,800, naishusha, inapitiliza hadi 5,200, basi ni hivyo hivyo kama mtumbwi ziwani. Na nikitua inadunda mara tatu ndipo itulie. Nimebadilisha setingi mpaka nimechoka. Nakosea wapi?* – Kijana wa Ilemela

Marahaba, kijana. Kwanza tafuta kalamu ya risasi. Ipitishe chini ya kidole cha shahada, juu ya cha kati, chini ya cha pete, halafu ndiyo ushike joistiki. Ukiikaba, kalamu inakubana mpaka ulegeze. Mwalimu wangu alinifunga hivyo saa nzima pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, siku niliyoushika usukani kama mtu anayetwanga kisamvu. Nilishuka na alama kwenye vidole, lakini ndege ilikuwa imetulia.

Sasa ugonjwa wenyewe: unafukuza sindano. Naujua kwa sababu mpwa wangu anao. Juzi nilikaa pembeni yake, nikaacha kutazama skrini, nikawa namtazama macho. Hayakubanduka kwenye geji ya kupanda na kushuka. Geji hiyo huchelewa. Ndani yake hewa inapita kwenye kitundu chembamba sana, kwa hiyo ukigusa pua ya ndege leo, sindano inakuletea habari kamili baada ya sekunde sita hadi tisa. Inapokwambia unapanda, huenda ulishaacha kupanda zamani. Wewe unasukuma, haijibu, unaongeza, halafu majibu yote yanakuja kwa mpigo. Mtumbwi wako unaanzia hapo.

Nikachana karatasi ya daftari, nikaibandika kwenye skrini juu ya geji zote, nikamwachia ile ya mizunguko ya injini tu. "Mjomba, sasa sioni kitu!" Unaona upeo wa macho, nikamwambia, na unaona ukingo wa dashibodi. Pima kwa vidole, kati yake mna vingapi? Vinne. Haya, vibaki vinne. Weka injini kwenye mizunguko 2,300 kwa dakika, tunza vidole vyako, nyamaza. Dakika tatu baadaye nikabandua karatasi. Alikuwa amepanda futi 40. Kijana yule yule aliyekuwa anayumba kwa futi mia sita kama wewe.

Cessna 172 imetengenezwa zaidi ya 44,000 tangu ilipoingia sokoni mwaka 1956, na shule zinaipenda kwa sababu haina makuu: ipe pua inayofaa na nguvu inayofaa, itakaa yenyewe. Ukiigusa, ngoja uone ulichofanya kabla ya kuigusa tena.

Halafu kuna trimu, kile kigurudumu cha kuishikilia pua pale ulipoiweka, na hapa ndipo simuleta ya nyumbani inapokudanganya kweli. Kwenye ndege halisi mkono unahisi usukani ukikusukuma. Unazungusha gurudumu la trimu mpaka msukumo uishe, kisha unaachia. Joistiki yako ina springi, na springi haijui habari za hewa, yenyewe inataka kurudi katikati tu. Kwa hiyo shikilia pua pale unapoitaka, zungusha trimu kidogo kidogo huku ukiiruhusu joistiki irudi polepole. Ikifika katikati na pua haijasogea, umemaliza. Usiiongoze ndege kwa trimu yenyewe. Najua wapo watakaoniandikia kubisha, na waandike.

Setingi gusa moja tu: punguza ukali wa joistiki karibu na katikati. Nyingine zirudishe zilivyokuwa.

Kuhusu kudunda, nabashiri kwamba unafika mwanzo wa njia ya kurukia ukiwa na noti 75 au zaidi. Noti za mwendo, siyo za benki; moja ni sawa na kilomita 1.85 kwa saa. Flapu zote, vile vibao vya nyuma ya bawa, zikiwa chini, ndege hii inataka kama noti 65. Hizo kumi za juu unaziona ndogo, lakini nishati ya mwendo inakua kwa kipeo cha pili, kwa hiyo unakuja na theluthi nzima ya ziada, nayo lazima iishie mahali. Mabawa yana mita 11 kutoka ncha hadi ncha. Ukishuka chini ya kimo hicho ndege inaanza kuelea, kama imekalia godoro. Wewe umechoka kungoja, unaisukuma ikae, gurudumu la mbele linatangulia, inaruka. Mara ya pili inaruka juu zaidi.

Uwanja wenu wa Mwanza uko kama futi 3,760 juu ya usawa wa bahari, hivyo zunguka uwanja ukiwa futi 4,800. Ingia mstari wa mwisho ukiwa umeshatulia kwenye noti 65. Ukifika juu ya lami, ondoa nguvu yote, peleka macho mwisho kabisa wa njia, siyo mbele ya pua, kisha izuie ndege isitue. Ndiyo, izuie. Inazama, unavuta kidogo. Inazama, unavuta tena kidogo. King'ora cha bawa, kinachoonya kwamba bawa linakaribia kushindwa kuibeba ndege, kinaanza kulia, na magurudumu ya nyuma yanagusa. Ikidunda usisukume: nguvu yote, panda, zunguka uje upya. Kwenye skrini kosa hilo unalifuta kwa kitufe. Kwenye ndege halisi pangaboi likigusa lami, injini nzima inafunguliwa kukaguliwa, na hiyo bili sikuombei uione.

Zunguka na kutua mara kumi kila usiku, uwanja huo huo, upepo umeuzima. Niandikie baada ya wiki mbili.

*Assalaam alaykum. Mimi mzaliwa wa Unguja, naishi Maskat. Napenda kuanzia uwanja wa nyumbani kwetu, lakini nikitia nguvu tu ndege yakimbilia kushoto majanini. Jee, joistiki yangu mbovu?*

Waalaykum salaam, bibie. Joistiki yako nzima. Pangaboi la Cessna, ukilitazama kutoka kiti cha rubani, linazunguka kuelekea kulia. Upepo wake nao unajizungusha mwilini mwa ndege na kuupiga mkia ubavu wa kushoto. Mkia unakwenda kulia, pua inakwenda kushoto. Ukiinua pua, upande wa kulia wa pangaboi unavuta kuliko wa kushoto, basi hali inazidi. Dawa ni mguu wa kulia kwenye pedali ya usukani wa mkia, na kama huna pedali, sokota joistiki kulia kidogo wakati ule ule mkono mwingine unapotia nguvu. Usingoje mpaka igeuke. Nahodha wa jahazi anayeigusa kana, mkono wa usukani, baada ya chombo kugeuka, huyo abiria wake wote wamelowa. Na uingize nguvu taratibu, kwa kuhesabu mpaka nne. Njia yenu ya Unguja ni ya kilomita tatu, unakimbilia wapi?

Tazama pia kwenye setingi kama kuna msaada wa usukani wa mkia. Uzime. Huo ndio unaowafanya watu waamini kwamba miguu haina kazi.

*Mwalimu, Mombasa naruka bila taabu. Lakini nikianzia Wilson, ndege ile ile na mafuta yale yale, inakimbia hadi nahisi lami itaisha, na ikiinuka haipandi. Simu yangu inasema Nairobi leo ni nyuzi 24. Hii programu ina hitilafu?* – Wa Lang'ata

Haina. Imekufundisha jambo ambalo marubani wengine wamelijua kwa kukwangua miti. Wilson iko karibu futi 5,500 juu ya bahari. Kwa joto la nyuzi 24, hewa ya hapo ni nyembamba kama ya futi 8,000 hivi katika siku ya kawaida ya vitabuni. Injini isiyo na turbo, kifaa cha kuisukumia hewa, inapoteza kama asilimia tatu ya nguvu kwa kila futi elfu, basi hapo umeshaacha karibu robo ya farasi wako nyumbani. Pangaboi nalo linashika hewa kidogo, na bawa vile vile.

Hilo huwezi kulibadilisha. Unaloweza ni hili: kile kishikio chekundu cha mchanganyiko wa mafuta na hewa, naamini umekisukuma mpaka mwisho, kama Mombasa. Huku juu hewa ni chache, mafuta ni yale yale, injini inakabwa. Simama mwanzo wa njia, kanyaga breki, weka nguvu yote, kisha vuta chekundu polepole ukisikiliza. Mizunguko itapanda, itapanda, halafu itaanza kushuka. Rudisha mbele kidogo. Sasa ondoka.

Inua pua kwa noti 55 zile zile unazozitumia pwani. Utashawishika kwamba unakwenda kasi mno kwa sababu ardhi inakimbia. Ni kweli inakimbia: geji ikisoma 65 juu huko, ndege inakata hewa kwa kama 73. Macho yatakwambia uvute pua mapema. Yakatalie. Na ukiinuka, usitafute kupanda kama unavyopanda ukitoka Mombasa. Utapata nusu hivi, basi iridhie, ukiwaangalia twiga wa mbugani chini yako.

*Mwandishi, mwanangu wa miaka 15 halali usiku. Anasema anajifunza urubani kwenye kompyuta. Huo ni urubani au ni mchezo? Hayo masaa yatahesabiwa akienda shule ya ndege? Sasa anataka pedali.* – Mama, Morogoro

Masaa hayahesabiwi, mama. Viwango vya kimataifa vya leseni ya rubani binafsi vinataka miaka 17 na saa 40 za kuruka, au 35 kwa kozi iliyoidhinishwa. Kompyuta ya chumbani haimo.

Kuhusu mchezo, swali lako lina karibu miaka mia. Mwaka 1929 Mmarekani mmoja, Edwin Link wa Binghamton, New York, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha piano na vinanda vya upepo vya majumba ya sinema, alichukua mifuko ya upepo ya vinanda hivyo akaiweka chini ya kijindege cha mbao. Ukishika usukani, kinainama na kugeuka. Wateja wake wa mwanzo wengi walikuwa viwanja vya burudani. Mwaka 1934 jeshi la Marekani likapewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, marubani wakafa kwenye mawingu kwa kutojua kuruka kwa geji, ndipo jeshi likanunua sita za Link. Kitu cha kuchezea kile kile.

Anachokipata mwanao ni mpangilio wa kazi: nini kinafuata nini, ramani, namna ya kuzungumza na mnara. Asichokipata ni kiti kinachozama chini ya makalio, na woga.

Pedali subiri kidogo. Jumamosi mchana, siyo usiku, kaa naye. Aanzie hapo Morogoro aende Dodoma, amezima ramani ya skrini, ana ramani ya karatasi, saa ya mkononi na dira tu. Milima ya Uluguru aiache nyuma ya bega la kushoto. Ni kama kilomita 220 kwa mstari, na akitaka kufuata reli kwa Kilosa, mruhusu, marubani wa zamani walifanya hivyo. Akiiona Dodoma ndani ya saa moja na nusu bila kuchungulia, mnunulie. Akitokea Iringa, mwambie akalale.