Ribiti zinazozunguka kwenye fremu ya dirisha

Ndugu yangu wa Wete, nimekufahamu: fremu ya alumini imelegea, na ribiti za zamani, zile pini zinazoshika vipande vya fremu, ukizitoboa zinazunguka na drili bila kukatika.

Usizidishe nguvu. Kwanza kigonge ndani kile kijisumari cha chuma kilichobaki katikati ya ribiti, la sivyo biti, ile ncha ya drili, itateleza na kukwaruza fremu. Kandamiza ukingo wa kichwa kwa bisibisi bapa kisizunguke, kisha toboa taratibu kwa biti ya unene wa ribiti yenyewe. Kichwa kikikatika, acha hapo. Kilichobaki kisukume ndani kwa msumari. Na vaa miwani, vile vichembe huruka machoni.

Ribiti mpya ya milimita 4.8 inataka tundu la 4.9. Tundu likishatanuka, toboa jingine pembeni.

Tafadhali nunua za alumini, si za chuma. Mimi nilitia za chuma dirisha la jikoni linaloelekea pwani. Muda si muda unga mweupe ulizunguka kila tundu. Chuma na alumini zikigusana penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa.

Dirisha likiwa ghorofani, muite fundi wa alumini. Kioo kikiachia, kitawaangukia wapita njia.